Ubuntu 25.10 ilijengwa kwa bodi isiyokuwapo

Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, walikosea. Naliweka hilo mbele kwa sababu ninyi mnaofuata safu hii mliyaona matokeo wenyewe Oktoba 2025: Ubuntu 25.10 ilipotoka, bodi za usanifu wa RISC-V ambazo watu walikuwa wamezinunua kwa fedha zao ziliachwa nje zote kwa mpigo mmoja. Kiwango cha chini cha prosesa kilipandishwa hadi RVA23, na mashine iliyotajwa kuwa inaweza kuendesha toleo hilo ilikuwa QEMU. Yaani emuleta.

Kila anayejenga mfumo endeshi huanza na maswali mawili: nitaukompaili juu ya nini, na nitaujaribu juu ya nini? Majibu yake ndiyo yanayoamua mengine yote, kuanzia bendera unazoipa kompaila hadi aina ya hitilafu utakazozikuta. Ukichagua bodi ya kori nne isiyo na vekta, yaani amri za kuchakata data nyingi kwa mpigo mmoja, basi mfumo wako utaendeshwa bila vekta, na utajua hivyo siku ya kwanza. Canonical walikwenda kinyume. Walichagua kiwango kwanza, kisha wakakaa kusubiri viwanda vilete bodi itakayokifikia.

Twende taratibu, maana hapa ndipo penye uzito. RVA23 iliidhinishwa Oktoba 2024. Inaifanya vekta kuwa ya lazima, na upande wa RVA23S64, ambao ndio walioutaka Ubuntu, inalazimisha pia nyongeza ya kuendesha mashine pepe. Sasa pitia bodi moja moja. HiFive Unmatched: haina vekta. VisionFive 2: haina vekta. HiFive Premier P550, ambayo ilikuwa bado mpya sokoni: haina vekta. Banana Pi BPI-F3 yenye chipu ya SpacemiT K1 ina vekta halisi ya toleo la 1.0, lakini inaishia RVA22. Lichee Pi 4A na Milk-V Pioneer zina ile vekta ya rasimu, 0.7.1, ambayo haielewani na ya mwisho. Kwa hiyo tangazo la Canonical lilipotoka katikati ya 2025, kila aliyekuwa na bodi aliambiwa jambo lile lile: baki Ubuntu 24.04.

Wako waliolichukulia hili kama suala la mtumiaji wa mwisho tu, eti mtu mwenye bodi ndogo atakosa toleo moja au mawili. Si hivyo. Fikiria kifurushi kinavyojengwa. Vifurushi vingi havikompailiwi tu vikaachwa. Hati ya configure huandika programu ndogo, huikompaili na kuiendesha ili ijue mashine ina nini. Kisha huja make check, ambapo programu iliyotoka sasa hivi kwenye kompaila inaendeshwa papo hapo. Na vyote hivyo vinafanyika ndani ya mazingira ya toleo lile lile, yenye maktaba ya C, glibc, ile ile iliyokompailiwa kwa kiwango kipya. Weka glibc ya RVA23 juu ya VisionFive 2: programu ya kwanza inayoigusa amri ya vekta inauawa kwa kosa la amri isiyotambulika. Ikiwa programu hiyo ni init, karneli nayo inapaniki na kusimama. Maana yake ni kwamba bodi zote zilizokuwapo ziliondolewa kwenye kuendesha toleo jipya na pia kwenye kulijenga na kulipima. Aliyebaki na uwezo wa kujenga kifurushi cha 25.10 na kukiona kinakwenda ni mwenye emuleta peke yake.

Na emuleta huficha mambo. Hili nimelisema kwenye safu hii mara nyingi na nitalisema tena, kwa sababu bado nakutana na vijana hodari wanaoamini kwamba mfumo uliowaka ndani ya QEMU umeshapimwa.

Chukua mpangilio wa kumbukumbu. RISC-V ina mpangilio legevu, RVWMO: kori moja inaweza kuyaona maandishi ya kori nyingine kwa mfuatano tofauti na ule yalivyoandikwa, isipokuwa mwandishi wa programu ameweka amri ya fence mahali pake. Prosesa za x86 ni kali zaidi. Ukiendesha QEMU juu ya seva ya x86, programu ya RISC-V iliyosahau fence hurithi ukali wa mashine mwenyeji, na kasoro nyingi za namna hiyo hazitajitokeza hata ukiijaribu mwezi mzima. Siku programu hiyo ikifika kwenye kori halisi, kufuli mbili zinagongana, data inaharibika, na hakuna anayejua aanzie wapi.

Chukua tena anwani zisizopangika. Kwenye U74, kori iliyomo ndani ya Unmatched na VisionFive 2, kusoma baiti nane kutoka anwani isiyogawanyika kwa nane kunairusha kazi hiyo hadi kwenye femwea, OpenSBI, ambayo huikamilisha kipande kwa kipande. Programu inakwenda, lakini polepole mno. Ndani ya QEMU usomaji huo unapita bila kuonekana. Mtu anayepima kasi ya mfumo wake ndani ya emuleta hatawahi kujua kwamba msimbo wake umejaa usomaji wa namna hiyo, na mwenye bodi atadhani ameuziwa bodi mbovu.

Kisha kuna makosa ya silikoni yenyewe. Karneli ya Linux ina kiraka kiitwacho CIP-1200, kwa sababu baadhi ya kori za SiFive hazifuti TLB, kashe ya tafsiri za anwani, ipasavyo pale amri ya sfence.vma inapopewa anwani moja maalumu. Dawa ni kufuta TLB yote. Kosa kama hilo halimo ndani ya QEMU kwa sababu waandishi wa QEMU walifuata kitabu cha kanuni. Silikoni haikukifuata. Na ile hitilafu ya usalama, GhostWrite ya Agosti 2024, ambapo amri mbovu za vekta kwenye kori ya C910, ile ya Lichee Pi 4A, ziliruhusu programu ya kawaida kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu halisi, watafiti wa CISPA wa Ujerumani waliikuta kwa kuzishindanisha prosesa halisi, moja dhidi ya nyingine. Dawa yake ilikuwa kuizima vekta nzima. Mnaokumbuka nilivyoandika juu ya vekta ya 0.7.1, kwamba kiwanda kilichochonga rasimu kwenye silikoni kitawatesa wateja wake, mnaelewa kwa nini bado nina kinyongo nayo.

Kwa hiyo kuchagua QEMU kuwa mashine ya kwanza ya toleo zima ni kuchagua kutoyaona matatizo ambayo kazi ya kupima mfumo endeshi ipo kwa ajili yake.

Utetezi wa Canonical naujua. Walisema bodi za RVA23 zinakuja, kwamba toleo la muda mrefu litakaa miaka mingi na haifai lifungwe na prosesa dhaifu za mwanzo, na kwamba vekta italeta kasi. Hoja ya kasi ni ya kweli. Hoja ya miaka pia ina uzito. Na kazi yao ya kuendelea kuihudumia 24.04 kwenye bodi za zamani ni kazi safi. Lakini tazama walichofanya upande wa pili, ndani ya toleo lile lile la 25.10, kwa prosesa za Intel na AMD. Huko walileta amd64v3, kiwango cha juu kwa mashine mpya, na wakakifanya hiari. Mwenye kompyuta kuukuu anabaki na vifurushi vya kawaida, mwenye kompyuta mpya anachagua vile vya kasi. Kampuni ile ile, toleo lile lile. Walijua njia sahihi na waliijenga kwa mikono yao. Wakaitumia kule ambako mashine zimejaa kila ofisi, na wakainyima RISC-V, ambako kila bodi moja iliyopo ina thamani kwa sababu mwenye bodi hiyo mara nyingi ndiye anayerekebisha vifurushi vinavyovunjika.

Hata bila njia ya hiari, zipo nyingine. Tangu Linux 6.4 ya 2023 karneli ina wito wa hwprobe, ambao programu huutumia kuuliza prosesa hii ina vekta au haina. Glibc inaweza kuchagua memcpy ya vekta pale ilipo na ya kawaida pale isipo, wakati programu inapoanza. Vivyo hivyo maktaba za picha, za usimbaji na za hesabu. Sehemu kubwa ya faida ya vekta iko kwenye maktaba chache kama hizo. Programu ya kusoma barua pepe haihitaji vekta ya lazima.

Linganisha na Red Hat, ambao hawajulikani kwa huruma kwa mashine za zamani. RHEL 10 ilipotoka Mei 2025 ilidai x86-64-v3, kiwango kile kile ambacho Ubuntu wanakiita amd64v3. Prosesa za kwanza za kiwango hicho, Haswell za Intel, zilikuwa sokoni tangu 2013. Miaka kumi na miwili! Seva za kiwango hicho zilikuwa zimeshanunuliwa, zimetumika, na nyingine zimeshauzwa kama mitumba kabla Red Hat hawajapandisha kiwango. Huo ndio utaratibu: mashine kwanza, imilikiwe na watu, ijulikane makosa yake, kisha kiwango.

Ukitaka kuona kazi hii ilivyofanywa vizuri, rudi 2012. Raspberry Pi ya kwanza ilizinduliwa Februari 29 mwaka huo kwa dola 35, na ndani yake mlikuwa na ARM1176 ya megahezi 700, prosesa ya ARMv6 iliyokuwa imeshapitwa. Mfumo wa Debian ulikuwa na njia mbili kwa ARM. Armel ilikwenda kwenye mashine yoyote lakini haikuitumia ipasavyo sehemu ya prosesa inayofanya hesabu za desimali. Armhf iliitumia, lakini ilidai ARMv7. Pi ilikuwa na sehemu hiyo ya hesabu, ila haikuwa ARMv7. Ilikaa katikati, bila mwenyewe.

Angekuwa mtu wa fikra za 25.10, angewaambia wenye Pi wasubiri bodi bora. Watu wawili, Mike Thompson na Peter Green, walifanya kinyume. Waliamua kuijenga upya Debian nzima, maelfu kwa maelfu ya vifurushi, kwa kiwango cha bodi ambayo watu walikuwa nayo mkononi. Na tazama walivyochagua mashine ya kujengea, kwa sababu hapo ndipo ustadi ulipo. Hawakuichagua Pi yenyewe: RAM ya megabaiti 256, tena inayogawanwa na sehemu ya picha, isingetosha kuunganisha programu kubwa. Walichukua bodi za Freescale i.MX53 Quick Start, zenye kori moja ya Cortex-A8 ya gigahezi moja, RAM ya gigabaiti moja, na, la muhimu kuliko yote, tundu la SATA. Dola 149 kwa kila moja. Wakaziweka kadhaa pamoja zikafanya kazi usiku na mchana. Katikati ya 2012 mfumo wao, Raspbian, ulikuwa tayari, na Wakfu wa Raspberry Pi ukaupokea kuwa wake.

Walikuwa na hatari yao, na waliijua. i.MX53 ni ARMv7, kwa hiyo kifurushi chenye hati ya kujikagua kingeweza kuiona mashine yenye nguvu zaidi na kupenyeza amri ambazo Pi haizijui. Ilibidi wakague vifurushi kuhakikisha amri za ARMv7 hazijaingia humo. Huko ndiko kujua tofauti kati ya mashine ya kujengea na mashine ya kujaribia, na kuilinda tofauti hiyo kwa macho yako mwenyewe.

OpenBSD nao niwataje. Kwao usanifu usioweza kujijenga wenyewe, juu ya mashine yake halisi, hauna nafasi ndani ya mfumo. Waliijenga VAX, mashine ya kale, juu ya VAX hadi toleo la 5.9 la 2016, na walipoiacha waliiacha kabisa. Walipoingia RISC-V na 7.0, Oktoba 2021, waliingia kwa bodi zilizokuwa mezani kwao, Unmatched ikiwemo. Debian nayo ilifuata njia hiyo: ilijaza mashine zake za kujengea bodi za Unmatched, ikaukubali usanifu rasmi Julai 2023, ikautoa ndani ya Debian 13 Agosti 9, 2025, kwa kiwango kile kile cha kawaida ambacho kila bodi inakiweza. Miezi miwili baadaye Ubuntu, mtoto wa Debian, wakatoa toleo ambalo Unmatched hizo haziwezi kuliendesha.

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliingia Linux kwa CD za ShipIt, ambazo Canonical walizituma bure kwa posta hadi 2011, kwa mtu yeyote aliyeomba, mwenye kompyuta yoyote. Ndiyo maana uamuzi huu unaniuma zaidi kuliko kama ungefanywa na kampuni nyingine. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Eldoret aliyejibana akanunua VisionFive 2, akalipa na ushuru juu yake, ili ajifunze namna karneli inavyowaka, hastahili kuambiwa kwamba bodi yake imeshakuwa ya makumbusho na mbadala wake ni programu inayoiga bodi ambayo Oktoba 2025 ilikuwa bado haijauzwa.

Basi tuzungumze uchaguzi wenyewe, kwa anayetaka kujenga na kujaribu mfumo sasa. Tangazo la muuzaji litakuonyesha idadi ya kori. Iache, angalia RAM kwa kila kori. Kompaila ya C++ inaweza kula zaidi ya gigabaiti moja kwa faili moja gumu, na kuunganisha programu kama LLVM kunakula zaidi. BPI-F3 ya gigabaiti nne ina kori nane: nusu gigabaiti kwa kila kori. Ukiiambia itumie kori zote, itaanza kuhamisha kumbukumbu kwenye diski, au karneli itaanza kuua kazi zako moja baada ya nyingine, na ujenzi utachukua muda mrefu kuliko wa bodi ya kori nne. Ya gigabaiti 16 ni habari nyingine. Unmatched ina kori nne kwa gigabaiti 16, na ndiyo sababu imeijenga Debian ingawa kori zake ni za pole. VisionFive 2 ya gigabaiti nane ina mbili kwa kori, na hicho ndicho kiasi ambacho nisingeshuka chini yake.

Kadi ya SD usiitaje. Kukompaili ni kuandika na kufuta maelfu ya mafaili madogo kwa saa nyingi, na kadi haikutengenezwa kwa hilo. Itakuwa ya pole, kisha itakufa katikati ya kazi. Bodi isiyo na tundu la M.2 au SATA si bodi ya kujengea, hata iwe na kori mia. VisionFive 2 ina tundu la M.2 upande wa chini, lenye njia moja ya PCIe 2.0. Ni jembamba, lakini diski ya NVMe juu yake haina ulinganisho na kadi. Na kwa kuwa bodi hii inakula wati chache tu, betri na inverta ya kawaida ya nyumbani inaweza kuivusha usiku wenye katizo la umeme bila ujenzi kukatika.

Kwa kujaribu, unaangalia mambo mengine. Uliza kama karneli ya kawaida ya Linux inawaka juu yake, au ni lazima utumie karneli ya kiwandani iliyokwama miaka kadhaa nyuma. Bodi ya namna ya pili inakufunga mikono. Hakikisha ina pini za UART, kwa sababu mfumo unaovunjika mapema hauonyeshi kitu kwenye skrini, na laini ya UART ndiyo itakayokuambia ulipokufa. Angalia kama femwea inaweza kupakua karneli kupitia mtandao, ili usichomoe na kuchomeka kitu kila unapobadilisha mstari mmoja. VisionFive 2 ina swichi mbili ndogo za kuchagua inakowakia: QSPI, SD, eMMC au UART. Hata ukiiharibu femwea kabisa, unazigeuza, unaituma nyingine kupitia UART, na bodi inarudi. Nunua mbili za namna hiyo, moja ya kujengea na moja ya kuvunja, na uziwekee Debian 13.